Namba ya Juzuu

Duka la wifi yangu Nishrin liko Kilwa Kivinje, kwenye mtaa unaoteremka kuelekea sokoni. Anauza kanga, vitenge, nyuzi, vifungo, zipu na bafta. Alilirithi kwa mzee Abdulhussein, baba mkwe wangu, na tangu mzee alipofariki sijui siku alizolifunga isipokuwa za Ashura na ile tuliyomzika kaka yake, yaani Mehdi, mume wangu. Watu humwita Dada Nishi, hata waliomzidi umri. Hakuolewa. Alimuuguza baba yake mpaka mwisho, kisha akabaki na duka.

Mimi naishi Lindi mjini, Mtanda, na kwa miaka yote ya ndoa yangu nilimjua Nishrin kama mtu asiyepokea. Ukimpelekea samaki, bakuli lako litarudi kesho na kitu ndani. Ukimlipia nauli atakurudishia kabla hamjashuka garini. Mume wangu alikuwa akimtania: "Nishrin akifa atatembea mwenyewe hadi kaburini, asije akaacha fadhila ya mtu." Naye akimjibu, "Nitakusindikiza wewe kwanza." Ikawa hivyo.

Dukani kwake hakuna bei iliyobandikwa. Bei ni jambo la kuzungumza, na mazungumzo hayo ndiyo burudani ya mtaa. Hamida, jirani yake anayeshona nguo barazani upande wa pili wa njia, huvuka kila asubuhi kuja kuyaanzisha.

"Dada Nishi, uzi huu umesokotwa kwa dhahabu?"

"Ungekuwa wa dhahabu ningekuuzia wewe, mwenye deni kila duka?"

"Basi nakwenda Kilwa Masoko."

"Nenda. Nauli inazidi bei ya uzi. Ukirudi umechoka nitakuuzia kwa bei hiihii, maji ya kunywa nitakupa bure."

Hapo wote waliopo hucheka, Hamida hupunguziwa kidogo, na siku huanza.

Kitu kimoja tu hakizungumzwi bei, nacho ni bafta, ile nguo nyeupe ya kumvika maiti. Mfiwa huja au hutuma mtu. Nishrin hupima, hukata, hukunja, na kusema, "Poleni." Baadaye, wiki au hata msimu mwingine wa mavuno, mwenye kuweza huja akatia alichonacho kwenye kopo la biskuti lililo mwisho wa meza, na Nishrin hugeuka kupanga vitambaa mpaka asikie hatua zimetoka nje. Hajui nani ametia nini na nani hakutia. Mzee Abdulhussein ndiye aliyeanzisha utaratibu huo, na binti yake ameufuata bila kuusemea neno. Nyumba nyingi za Kivinje, na kadhaa za barabarani mpaka Somanga, zimezika watu wao kwa bafta ya kopo lile.

Nimeanza na hayo kwa sababu yaliyotupata yasingewezekana kwa mtu mwingine. Mwizi aliiba jina lililokuwa na akiba.

Ilikuwa inakaribia hitima ya kutimiza mwaka wa mume wangu. Nilikwenda kuagiza mchele wa pilau dukani kwa Rabiabai, shangazi wa marehemu, hapahapa Lindi. Ni mama mtu mzima mwenye ulimi, anayekaa nyuma ya mizani yake kama hakimu. Dukani kulikuwa na wateja.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mchele chukua. Usilipe."

"Kwa nini nisilipe?"

"Siku hizi mna mzigo."

"Mzigo gani, shangazi?"

Akashusha sauti kwa namna ambayo kila mtu dukani alinyamaza ili asikie. "Mngeniambia mimi kwanza, kabla Nishrin hajafika mahali pa kuwaomba wauza samaki wa Somanga."

Nilidhani sikumwelewa. Akanisogezea simu yake. Palikuwa na picha ya Nishrin, ile aliyopigwa kwenye harusi amevaa rida yake yenye maua, lile vazi letu la wanawake la kujifunika, na chini yake maneno haya: "Ndugu yangu, nimeshikwa na jambo zito siwezi kulisema. Naomba unisitiri kwa chochote Mungu alichokujaalia. Usinipigie, na tafadhali usiniulize mbele ya watu, naona haya. Tuma kwa namba hii, si kwa yangu."

"Wewe ulituma?" nikamuuliza.

"Ningefanya nini? Ni damu yangu. Likatokea jina la Valentini sijui nani. Nikasema masikini, mpaka amejificha nyuma ya jina la mtu."

Nililipa mchele wote. Kwa haraka nilizidisha, na Rabiabai akanirudishia zilizozidi, noti kwa noti, mbele ya wale wateja, kama mtoto aliyetumwa dukani. Familia ya Abdulhussein haijawahi kuomba. Hata mwaka ule meli ilipozama na shehena yao, kabla mimi sijaolewa, mzee aliuza dhahabu ya mkewe akalipa kila mtu, na wateja hawakujua mpaka mkewe alipokwenda harusini mikono mitupu, bila bangili. Sasa jina hilohilo lilikuwa linazunguka kwenye simu za watu likiwa limenyoosha mkono.

Sikumpigia Nishrin. Nilidhani najua kilichotokea: duka limekufa, amelificha hilo, na badala ya kuja kwangu amekwenda kwa watu. Asubuhi nilipanda basi, nikashuka Nangurukuru, nikachukua bajaji hadi Kivinje. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na hayakuwa mazuri.

Nilipofika, Hamida alikuwa dukani. Akanisalimu kwa adabu iliyopita kiasi. Akachukua uzi, akaweka fedha juu ya meza, akasema, "Asante, dada," akatoka. Hakuuliza bei. Nishrin alimtazama mpaka alipovuka njia.

"Umemwona?" akaniambia. Hata hakuniuliza nimekuja kufanya nini. "Wote wamekuwa hivyo. Wanaingia kama wanaingia kwa mgonjwa. Juzi nimekuta mkungu wa ndizi mlangoni. Nimeuliza wa nani, kila mtu anaangalia pembeni. Wifi, nimewakosea nini watu hawa?"

Nilifunga nusu ya mlango.

"Nishrin, una shida gani mpaka unaomba?"

"Nani anaomba?"

"Usinifiche. Nimesoma kwa macho yangu."

"Umesoma nini?"

Nikamwambia nilichosoma, neno kwa neno, kwa sababu yalikuwa yameganda kichwani. Nilipofika kwenye "naomba unisitiri" aliweka mkasi chini. Alipapasa nyuma yake, akapata jora la kitenge, akakaa. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Na wametuma?"

"Wametuma."

"Nani?"

"Shangazi Rabiabai ametuma. Wengine sijui. Wauza samaki wa Somanga, anasema."

Alijifunika uso kwa ncha ya rida. Nilimjua mwanamke huyu katika misiba mitatu na sikuwahi kumwona akifunika uso. Hapo ndipo nilipojua kwamba si yeye, na maneno yote niliyoyapanga kwenye basi yakaniaibisha.

Nikamwomba simu yake. Akaniambia wasapu yake ilikufa siku nyingi, haifunguki, na kwamba alishukuru kwa sababu kelele za makundi zimepungua. Simu za kupiga na kupokea zinaingia kama kawaida. Nilimpigia mwanangu Imtiaz, anayefanya kazi Lindi na kuzielewa simu kuliko sisi, nikaweka sauti wote tusikie.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Shangazi, kuna mtu alikuomba tarakimu sita zilizoingia kwa meseji?"

"Hakuna."

"Fikiri vizuri."

"Hakuna mtu. Nazneen tu."

"Nazneen tu, aliomba nini?"

"Namba ya juzuu."

Kwa asiyejua: Kurani ina juzuu thelathini, na kwetu hitima inapokaribia hugawanywa, kila msomaji akapewa yake ya kusoma nyumbani, ili siku ya kukutana iwe imekamilika. Zamani mtu alipita nyumba kwa nyumba akigawa. Sasa hugawanywa kwenye kundi la wasapu la ukoo. Nazneen ni binti wa Rabiabai, ameolewa Dar es Salaam, na yeye ndiye hutugawia.

Ujumbe ulikuwa umetoka kwa Nazneen, kwenye namba ya Nazneen, na picha ya Nazneen. Nishrin aliukumbuka wote. "Dada Nishrin, asalaam alaykum. Tunagawa juzuu za marehemu kaka Mehdi. Safari hii kila msomaji anapewa namba, itakuja kwako kwa meseji ya kawaida, tarakimu sita. Ikifika nitumie nikuandike." Namba ikafika. Akaituma.

"Shangazi," Imtiaz akasema polepole, "meseji ile haikuandikwa kwamba usimpe mtu namba hiyo?"

"Iliandikwa."

"Sasa?"

"Nazneen ni mtu baki? Nilidhani wanasema nisimpe mtu mwingine akaja kuchukua juzuu yangu."

Sikucheka, na ninamshukuru Mungu kwamba Imtiaz naye hakucheka. Alitueleza. Zile tarakimu sita zilikuwa ufunguo wa wasapu ya Nishrin. Mwenye nazo anaifungua kwenye simu yake mwenyewe, mahali popote alipo, na kuanzia hapo yeye ndiye Nishrin kwa kila mtu anayemwandikia. Makundi yake yote anayo: la ukoo, na la akina mama wa Kivinje wanaochangiana misiba. Namba za watu alizitoa humo. Habari za hitima na za juzuu amezisoma kwenye kundi letu wenyewe, akiwa ndani ya simu ya Nazneen, ambayo bila shaka aliipata kwa njia hiyohiyo. Mimi sikuandikiwa kitu. Nadhani ni kwa sababu kwenye kundi la ukoo mimi ndiye niliyekuwa natoa maagizo ya hitima, akaniona ni mtu wa kuuliza maswali.

"Tunaichukua sasa hivi," Imtiaz akasema. "Itakuja meseji nyingine ya tarakimu. Usinisomee."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Ukinisomea nakata simu. Ziandike mwenyewe hapo zinapoulizwa."

Ziliingia, akaziandika kwa kidole kimoja, midomo ikitembea bila sauti. Mwizi alitolewa nje. Kabla hajatoka alikuwa ameweka namba nyingine ya siri ya kwake, kwa hiyo ilitubidi kungoja siku kadhaa kabla mlango haujafunguka kabisa, lakini yeye pia hakuwa ndani tena. Imtiaz akatuambia kwamba hiyo namba ya siri ya pili, ambayo mwizi alijua kuiweka, ndiyo ambayo sisi wenyewe tungekuwa tumeiweka tangu mwanzo.

Alipokata, Nishrin alikuwa bado ameishika simu kwa mikono miwili.

"Nilingoja waniambie juzuu yangu ni ipi," akasema. "Hawakusema. Nikaona aibu kuuliza, hitima ni ya kaka yangu mwenyewe. Nikasoma zote, isije ikabaki moja."

Nilitoka nje nikamkuta Hamida anatazama mashine yake ya kushona kama anaiona mara ya kwanza. Nikarudi ndani.

Jioni nilimpigia Nazneen. Nilimuuliza swali moja tu, kama alituma ujumbe wa namba za juzuu.

"Wasapu yangu ilichukuliwa siku ile," akasema. "Usiku mtoto akairudisha. Nilifuta yale maongezi, nikadhani yameisha."

"Kwa nini hukumwambia mtu, mdogo wangu?"

"Ningesema nini, dada? Mume wangu ni mtu wa biashara. Wangesema mke wake katapeliwa kama mshamba. Tafadhali, mama asijue."

Sikumgombeza. Mimi mwenyewe, tangu tulipofunga mlango wa duka, nilikuwa nafikiria jambo hilohilo: kwamba mambo haya yaishie humo ndani. Nilimwambia Nishrin hivyo usiku ule tukila. Simu imerudi, mwizi katoka, tukiyatangaza hata asiyejua atajua, na jina litakuwa mdomoni mwa watu kuanzia Kivinje mpaka Mtwara. Tuyaache yapite.

"Na waliotuma?" akauliza.

"Tutawarudishia kimya kimya."

Akajaribu. Sijawahi kuona kazi ngumu kama ile. Kila aliyeulizwa alikana. Hamida alisema, "Mimi? Nina nini mimi cha kumtumia mtu?" Mwanamke wa Somanga, Biasha, anayewakaangia samaki abiria wa mabasi, aliapa hana hata simu, na simu ikalia kifuani mwake akiwa anaapa. Walikana kwa sababu ndivyo walivyofundishwa na duka lenyewe: anayesitiriwa hatazamwi usoni. Nishrin aliwaeleza kwamba ameibiwa jina, kwamba si yeye aliyeandika. Wakaitikia kwa upole. "Ndiyo, dada. Tunaelewa, dada." Walikuwa hawamwamini. Waliona anajifunika, wakamsaidia kujifunika.

Mwisho akachukua lile kopo la biskuti, akatia fedha zake humo, akawaambia waliokuwepo, "Kila aliyenitumia kitu achukue. Mimi nageuka." Akageuka. Aliposikia kimya akatazama tena. Hamida alikuwa analichungulia kopo.

"Umeweka mtego wa panya, Dada Nishi?"

Walicheka kidogo, kisha wakakumbuka wakaacha. Hakuna aliyegusa kopo.

Tulikwenda polisi. Mpelelezi alitupokea vizuri, akaandika maelezo, na hakutudanganya. Alituambia huyo Valentini anayetokea kwenye malipo huenda ni mkulima asiyejua lolote, aliyewahi kusajili laini kwa wakala wa barabarani, akaambiwa kidole hakijasoma, abonyeze tena, na kwa kubonyeza mara ya pili akamsajilia laini mtu mwingine kwa jina lake. Akatufundisha namna ya kupiga na kuona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Tulizitazama zetu palepale kwenye benchi. Nilimfikiria huyo Valentini. Labda na yeye ana mke anayeona haya.

Kisha Rabiabai akanipigia. "Ameomba tena," akasema. "Kwa namba mpya. Picha ileile ya harusi. Safari hii anasema ni ya hitima ya mumeo, kwamba hamna cha kupikia."

Ilikuwa picha ya wifi yangu, kifo cha mume wangu, na sufuria yangu. Nilielewa kwamba mwizi hakuhitaji tena simu ya Nishrin. Alihitaji tu tuendelee kuona haya, na hilo tulikuwa tunampa kila siku bila kuombwa.

"Basi sema," nikamwambia Nishrin. "Siku ya hitima, mbele ya wote. Nakubali."

"Ningesema hata kama usingekubali," akanijibu.

Hitima ilisomwa nyumbani kwa mzee, juu ya duka. Wanaume walikuwa barazani chini, sisi juu. Walikuja jamaa wa Lindi, akina mama wa Kivinje wote, na wengine wa Somanga na Masoko. Nazneen alikuja kutoka Dar es Salaam, akakaa karibu na mama yake. Baada ya dua, sharubati ikiwa inazungushwa, Nishrin alisimama. Hana mazoea ya kusimama mbele ya watu. Alishika mgongo wa kiti.

"Kuna mtu anaomba kwa jina langu," akasema. "Si mimi. Nilitumiwa ujumbe nikaombwa namba, nikaitoa, kwa ujinga wangu. Kwa namba hiyo akaichukua simu yangu akawaandikia ninyi. Sasa ana namba nyingine na picha yangu, na anaomba kwa kaburi la kaka yangu. Msimpe. Mkiona jina langu linaomba, nipigieni mnisikie sauti, au njooni dukani. Hata kama ameandika msinipigie. Hasa kama ameandika msinipigie."

Akina mama wakaitikia kwa vichwa. "Tumesikia, dada." "Pole, dada." Sauti zilikuwa zile zile za upole. Niliona wawili wanatazamana. Nikaona Hamida ameinamia glasi yake. Nilijua tumeshindwa, na kwamba sasa nimekubali jina letu lisimame hadharani bure.

Rabiabai akauliza, kwa ile sauti yake ya kwenye mizani, "Na huyo aliyekuomba namba, wewe ukampa tu? Ni nani huyo wa kuaminiwa hivyo?"

"Mtu wetu, shangazi. Naye alikuwa ameibiwa."

"Mtu wetu yupi?"

"Hilo lina mwenyewe."

Wanawake wakashusha macho. Mtu wetu asiye na jina: kila mmoja alikwisha jua, au alidhani anajua, kwamba hayupo. Nilimtazama Nazneen. Alikuwa ameshika glasi imejaa, na sharubati ilikuwa inamwagikia kwenye vidole.

Akasimama.

"Ni mimi," akasema. "Mimi nilitoa namba kwanza. Aliniandikia mtu kwa picha ya jirani yangu, nikampa. Usiku nikairudisha simu yangu nikanyamaza. Ningesema siku ile, dada Nishrin asingeibiwa. Nilinyamaza kwa sababu ya kuona haya." Akamgeukia mama yake. "Mama, nilikuwa sitaki ujue."

Hakuna aliyesema "tunaelewa." Mwanamke mmoja kutoka Masoko akasema, kama anajisemea, kwamba mkwewe naye aliombwa namba, namba ya zawadi ya benki. Mwingine akasema dada yake, huko Tunduru. Biasha wa Somanga akasema, "Na mimi nilisema sina simu," na hapo wakacheka, wote, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi.

Rabiabai alimtazama binti yake muda mrefu. Nilidhani atasema neno la kuumiza. Analo siku zote. "Kaa chini," akamwambia. "Unanimwagia." Akachukua leso yake akaanza kumfuta vidole. Mpaka leo hajanitajia tena habari ya wauza samaki.

Nazneen ndiye aliyeniruhusu niandike jina lake hapa. Alifikiri kwanza, kisha akasema, "Andika. Nikiwa sijatajwa, watadhani ni mtu mwingine." Katika ukoo wetu sasa juzuu hugawanywa kwa sauti. Nazneen anapiga simu moja moja, anasalimia, anaulizia watoto, ndipo anasema wewe soma ya saba, wewe ya ishirini. Inachukua siku nzima. Hatumlaumu.

Sitasema kwamba yote yamekwisha. Picha ya harusi bado inajitokeza huko na huko kwa namba mpya, na juzi mtu wa Lindi ambaye hakuwepo siku ya hitima aliniuliza, kwa huruma, hali ya wifi yangu kibiashara. Nilimweleza kila kitu, tangu mwanzo, nikiwa nimesimama juani. Bado naona haya kulieleza jambo hili. Ila sasa nalieleza.

Asubuhi ya baada ya hitima nilishuka dukani kumuaga Nishrin. Alikuwa anafungua mlango. Hamida akavuka njia, akaingia, akashika rili ya uzi mweusi akaigeuzageuza. Kopo la biskuti lilikuwa bado liko juu ya meza, na fedha za Nishrin ndani yake.

"Liondoe hilo," Hamida akasema bila kumtazama. "Nilichotuma mimi kilikuwa cha bafta ya mama yangu. Nilikuwa sijakilipa."

Nishrin aligeuka kupanga vitambaa vilivyokuwa vimekwisha kupangwa.

"Uzi huu bei gani?" Hamida akauliza mgongo wake.

Nishrin akataja bei.

"Bei hiyo? Umesokotwa kwa dhahabu?"

Ilimchukua muda kugeuka. Alipogeuka alikuwa amekaza uso kama mfanyabiashara, lakini macho hayakumtii.

"Nenda Masoko," akamwambia.